Namba ya toleo kwenye manifesti ya programu ya wavuti: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yametoka kwa vijana wanaokuja ofisini kwetu karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, na laptopu zao mikononi, na mengine kwa wenzetu wanaotuandikia WhatsApp usiku wa manane programu ikiwa imekwama. Sisi kazi yetu ni kutengeneza programu za wavuti zinazosakinishwa kwenye simu: za maduka, za hoteli ndogo, za wenye matuktuk. Majibu ni ya kazini, si ya darasani.

Manifesti inayozungumziwa hapa ni ipi?

Ukimtajia mtu wa bandari ya Kilindini neno hili, atafikiria karatasi ya shehena ya meli. Hajakosea sana. Ile ya meli inakwambia kilichomo kabla hujafungua kontena. Hii yetu inakiambia kivinjari programu inaitwaje, ikoni yake iko wapi, ifunguke kwenye ukurasa gani na iwe na rangi gani. Ni faili dogo la JSON, yaani data iliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida, na kwa kawaida huitwa manifest.webmanifest au manifest.json, na ukurasa huliita kwa mstari mmoja:

<link rel="manifest" href="/manifest.webmanifest">

Seva ilitoe kwa aina ya application/manifest+json. Basi.

Je, kuna kipengele rasmi cha "version" ndani yake?

Hakuna. Kwenye maelezo rasmi ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, utakuta name, short_name, id, start_url, scope, display, icons na vingine vingi, lakini "version" hukioni. Ukikiandika, kivinjari kitakisoma na kukipita kama mtu asiyekujua anavyokupita barabarani. Hakitalalamika, na hakitafanya lolote.

Jibu hili huwavunja watu moyo. Mtu amekaa wiki nzima akipandisha namba kutoka 1.0.3 hadi 1.0.9 akisubiri simu za wateja zizinduke, kumbe ile namba haisomwi na yeyote.

Mbona basi nimeiona kwenye manifesti za watu wengine?

Kwa sababu kuna manifesti nyingi duniani zenye jina moja, na watu hunakili bila kuuliza ya nani.

Viendelezi vya Chrome na Firefox, vile vinavyokiongezea kivinjari uwezo, vina manifest.json yao, na huko "version" ni lazima. Pia vina "manifest_version", ambayo ni namba ya muundo wa faili lenyewe, siku hizi 3 kwa Chrome. Hiyo haina uhusiano wowote na programu yako ya duka. Simu za Firefox OS, zilipokuwa hai, zilitumia manifest.webapp iliyokuwa na version. Programu ndogo za aina ya MiniApp, zinazokaa ndani ya programu kubwa, zina version yenye sehemu mbili, code ya mashine na name ya binadamu. Na kuna zile programu za wavuti zilizotengwa, zinazofungashwa na kutiwa saini, ambazo kwao namba ya toleo ni sharti.

Halafu kuna mzee mmoja, marehemu sasa: AppCache, njia ya zamani ya kuhifadhi kurasa zifunguke bila mtandao. Lilikuwa faili linaloanza na maneno CACHE MANIFEST, na kivinjari kililinganisha herufi kwa herufi. Likibadilika hata herufi moja, kinapakua kila kitu upya. Kwa hiyo sote tulikuwa tukiandika juu yake maoni kama "# v14" na kuongeza namba kila tunapopandisha kazi. Kufikia 2021 vivinjari vikubwa vilikuwa vimekwisha kuiondoa au viko mbioni kuiondoa, lakini tabia ya kuongeza namba ili kuiamsha simu imebaki vidoleni mwetu.

Kuna ubaya kuiandika hata hivyo?

Ubaya hakuna, na mimi mwenyewe naiandika. Inanisaidia nikifungua anwani ya manifesti kwenye kivinjari kuona ni kazi ipi iliyo hewani. Ila shika mambo mawili.

Iandike ndani ya alama za nukuu. Ukiandika "version": 1.10 bila nukuu, JSON itaiona kama namba ya desimali, na 1.10 itageuka 1.1. Umetoka toleo la kumi ukarudi la kwanza, na hukusikia hata kishindo. Hata zikiwa na nukuu, usizilinganishe kama maneno, maana kwa mpangilio wa herufi "1.9.0" inaizidi "1.10.0". Zikate kwenye nukta kisha linganisha kipande kwa kipande.

La pili ni koma. Kipengele kisichojulikana kinarukwa tu, lakini koma iliyobaki mwishoni kabla ya mabano kufungwa inaliua faili zima. Jina linapotea, ikoni inapotea, na kitufe cha kusakinisha hakitokei. Nimeona watu wakitafuta kosa hilo kwa saa mbili kwenye seva.

Naweza kuiweka namba kwenye start_url (ukurasa wa kuanzia), kama "/?v=3"?

Hapa ndipo penye hasara, kwa hiyo nitapachukulia muda.

Tulikuwa na mteja, muuza viungo Marikiti. Programu yake ilikuwa na orodha ya bei: iliki, mdalasini, pilipili manga, na wateja wa jumla wakiagiza humo. Nilitaka kujua ni wangapi wameshapata toleo jipya, nikaandika "/?v=3" kwenye start_url badala ya "/?v=2". Niliona ni ujanja. Baada ya wiki chache yule mzee akanipigia: "Mwanangu, wateja wangu wana maduka mawili kwenye simu."

Ilikuwa kweli. Kivinjari huitambua programu kwa kipengele cha id. Usipokiandika, id inachukuliwa kutoka start_url, pamoja na ile alama ya kuuliza na vyote vinavyoifuata. Nilipobadilisha v=2 kuwa v=3, machoni pa kivinjari ile haikuwa tena programu iliyokwisha sakinishwa. Ilikuwa programu mpya iliyohamia nyumba ileile. Waliokuwa nayo wakabaki na ikoni ya zamani na jina la zamani, na kila walipoingia kwa kivinjari wakaambiwa waisakinishe. Wakakubali. Ndani ni kitu kilekile, bei zilezile, lakini mzee akimwambia mteja "bonyeza ile ya kijani" mteja anauliza "ipi kati ya hizi mbili?"

Tangu siku hiyo kila manifesti yetu mpya inaanza hivi:

{
  "id": "/",
  "name": "Duka la Samaki",
  "start_url": "/?chanzo=ikoni",
  "version": "2024.6.2"
}

Id ikishaandikwa, start_url unaweza kuibadilisha bila kuzaa pacha. Chrome ya kompyuta ilianza kukitambua kipengele hiki katika toleo la 96, mwaka 2021, na ya simu ikafuata, kwa hiyo simu nyingi zinazotembea mjini zinakijua.

Na kuiweka kwenye jina la faili la manifesti, mfano manifest-v3.json?

Usifanye. Zana nyingi za kufungasha msimbo hupenda kubandika herufi za ovyo kwenye kila jina la faili, manifest.a81f3c.json na kadhalika. Kwa picha na skripti ni jambo zuri. Kwa manifesti ni kuhamisha kibao cha mtaa kila Ijumaa. Chrome ya Android ya miaka ya nyuma iliitambua programu kwa anwani ya manifesti yenyewe, na mpaka leo ushauri ni uleule: anwani ya manifesti isibadilike maisha. Iambie zana yako iliache faili hilo na jina lake.

Onyo hilohilo liende kwa sw.js, faili la sevisi woka, yaani skripti inayokaa kati ya programu na intaneti. Ukiibatiza sw-v2.js, ukurasa wa zamani uliohifadhiwa kwenye simu utaendelea kuiita sw ya kwanza, na sw ya kwanza itaendelea kutoa ukurasa wa zamani. Wanashikana mikono hivyo, na mteja hatoki humo peke yake.

Tayari nimeshabadilisha start_url bila id. Nifanyeje?

Tafuta start_url ya kwanza kabisa, ile waliyosakinisha watu wengi, kisha iandike kama id. Kama ilikuwa "/?v=2", basi id iwe "/?v=2" milele, hata kama inakukera kuiona. Chrome ya kompyuta itakusaidia: fungua zana za watengenezaji, nenda sehemu ya Application, kisha Manifest, utaona kitambulisho ilichokokotoa. Linganisha na ulichokusudia kabla ya kupandisha. Waliosakinisha pacha itabidi waondoe moja kwa mkono. Yule mzee wa Marikiti aliwapigia wateja wake mmoja mmoja, nami nikalipia muda wa maongezi.

Kama namba haifanyi kazi, ni nini kinachoifanya simu ichukue kazi mpya?

Tenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya.

Kwanza kuna kilichomo ndani: kurasa, skripti, bei, picha. Hivyo husimamiwa na sevisi woka, ile skripti inayokaa kati ya programu na intaneti. Kila mtu anapofungua ukurasa ulio chini yake, kivinjari hupakua sw.js na kuilinganisha na iliyopo, baiti kwa baiti. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, mpya inasakinishwa, kisha inasubiri. Inasubiri nini? Kurasa zote zinazotumia ile ya zamani zifungwe. Hapa Mombasa watu hawafungi programu. Wanaizima skrini na kuitia simu mfukoni, wanapanda feri Likoni, wanaiwasha ng'ambo. Mpya inaweza kungoja siku tatu mlangoni. Kuna skipWaiting ya kuilazimisha iingie, lakini ukiitumia kiholela unaweza kumkuta mtu katikati ya oda, nusu ya ukurasa ni ya jana na nusu ya leo. Sisi tunaonyesha utepe chini: "Kuna toleo jipya. Gusa hapa ukiwa tayari." Akigusa, ndipo tunaita skipWaiting na kuufungua ukurasa upya.

Kwa hiyo namba yenye nguvu ni ile iliyo ndani ya sw.js, kwa kawaida kwenye jina la kache, yaani ghala la faili ambazo sevisi woka imezihifadhi simuni:

const KACHE = "viungo-2024.6.2";

Ukiibadilisha, faili limebadilika baiti, kivinjari kinaamka, na kwenye tukio la activate, pale sw mpya inaposhika kazi, unafuta kache zote ambazo si hiyo. Usiposafisha, matoleo yanarundikana, na simu ya nafasi ndogo ndiyo ya kwanza kuumia.

Pili kuna sura ya nje: jina, ikoni, rangi. Hivyo ndivyo vya manifesti, na njia yake ni nyingine kabisa. Soma swali linalofuata.

Kwenye seva, sw.js na manifesti zipewe Cache-Control: no-cache, agizo ambalo seva hukipa kivinjari kuhusu kuhifadhi faili. Maana yake si "usihifadhi" kama wengi wanavyodhani. Ni "hifadhi, ila uniulize kabla hujatumia". Faili zenye herufi za ovyo majinani zipe max-age=31536000, mwaka mzima, na immutable, yaani haitabadilika. Mtu anayenunua bando la shilingi ishirini hafai kupakua picha ileile kila asubuhi kwa sababu ya uvivu wetu. Na manifesti yenyewe usiiweke ndani ya kache ya sevisi woka, utajifungia nje.

Nimebadilisha ikoni na jina, siku nne sasa, simu za wateja bado zina za zamani. Kuna kosa?

Huenda hakuna. Kwenye Android, Chrome haisakinishi kialamisho tu. Programu yako inatengenezewa kifurushi kidogo kiitwacho WebAPK. Mtu anapofungua programu, Chrome huangalia manifesti, si zaidi ya mara moja kwa siku au hivi. Ikiona mabadiliko yenye maana, inaomba kifurushi kipya. Na usasishaji huo kwa kawaida husubiri simu iwe kwenye chaji na kwenye Wi-Fi.

Sasa fikiria nani ana programu yako. Dereva wa tuktuk wa Bamburi anachaji kwenye gari, akiwa na bando. Wi-Fi anaipata akienda kwa shemeji yake. Kwake ikoni mpya inaweza kukawia wiki, na hakuna namba ya toleo itakayoiharakisha. Kebo za chini ya bahari zimefika hapa Mombasa tangu 2009, lakini kutoka ufukweni hadi mfukoni mwa dereva bado kuna safari.

Unachoweza kufanya ni kulipatia faili la ikoni jina jipya unapolibadilisha, ikoni-b-512.png badala ya kulifunika lile la zamani, ili kache isikuletee picha ya jana. Kisha usitangaze "ikoni yetu sasa ni nyekundu" kwenye mabango kabla ya wateja kuiona.

Nitumie mtindo gani wa namba?

Ule wa sehemu tatu, kubwa, ndogo na kiraka, ulitungwa kwa ajili ya maktaba za msimbo, ili anayezitumia ajue kama kitu chake kitavunjika. Programu ya duka haina mtu anayejenga juu yake. Mwuza samaki wa Kongowea hajali kama ni 2.0.0 au 1.38.0. Sisi tunatumia mwaka, mwezi na hesabu ya toleo ndani ya mwezi: 2024.6.2 ni la pili la Juni. Mteja akitusomea kwa simu, tunajua papo hapo ana kitu cha lini.

Tahadhari kama siku moja utaigeuza iwe kiendelezi cha Chrome: huko kila kipande kisizidi 65535, vipande visizidi vinne, na sifuri ya mbele hairuhusiwi. Kwa hiyo 20240602 itakataliwa, na 2024.06.02 pia.

Namba ikae wapi ili isisahaulike?

Mahali pamoja tu. Kwetu ni package.json, faili la maelezo ya mradi; zana ya kujenga inaisoma na kuinakili kwenye sw.js, kwenye manifesti na kwenye msimbo wa programu. Ukiiandika kwa mkono sehemu tatu, ya tatu utaisahau Ijumaa jioni.

Lakini kuna mtego mmoja ambao haukuniingia akilini mpaka uliponiuma. Nilitaka kuonyesha namba kwenye ukurasa wa "Kuhusu", nikaandika skripti inayosoma manifesti kwa fetch, amri ya kuchukua faili kutoka kwenye seva, na kutoa version. Mteja akanitumia picha: "Toleo 2024.3.5", jipya kabisa, na bado anaona kosa tulilokwisha kulirekebisha. Tukazunguka siku mbili. Kumbe fetch ilikuwa inaniletea namba iliyo kwenye seva, ilhali msimbo unaokimbia simuni ulikuwa wa mwezi uliopita. Namba ya kuonyesha iokwe ndani ya msimbo wenyewe wakati wa kujenga, na iandikwe chini kabisa ya ukurasa ambapo mtu anaweza kuipiga picha. Ile ya manifesti ibaki kukuambia seva ina nini. Zikitofautiana, umeshajua tatizo liko wapi.

Tukiipeleka Play Store je?

Hapo kuna namba mbili mpya. Ukitumia Bubblewrap, zana ya kuifungasha programu ya wavuti iwe ya Android, zimo kwenye twa-manifest.json: appVersionName ambayo watu wanaiona, na appVersionCode ambayo ni namba kamili na lazima iongezeke kila unapopandisha. Play hairuhusu izidi 2100000000. Mtindo wa 2024060201 unaingia vizuri, na utakwama mwaka 2100, wajukuu watajijua. Kumbuka tu kwamba huhitaji kupandisha kifurushi kila ukibadilisha bei, kwa sababu kilichomo bado kinatoka kwenye wavuti.

Toleo jipya lina kosa. Nirudishe namba ya zamani?

Rudisha msimbo, usirudishe namba. Kama 2024.6.2 imeharibu, chukua msimbo wa 2024.6.1 na uutoe kwa jina la 2024.6.3. Ukirudi kwenye 6.1 utakuwa na simu mbili zinazosema 6.1, moja haikuwahi kupita 6.2 na nyingine imepita na kubeba data iliyoharibika, nawe huwezi kuzitofautisha. Play nayo itakataa namba iliyoshuka.

Mteja ana iPhone na jina bado ni la zamani.

iPhone ilianza kusoma manifesti kwenye iOS 11.3, mwaka 2018. Huchukua jina na ikoni siku mtu anapoiweka kwenye skrini ya mwanzo, kisha hukaa navyo. Njia ya kuvibadilisha ni kuiondoa na kuiweka tena. Ila programu iliyowekwa hivyo ina hifadhi yake, mbali na ya Safari, na ukiiondoa hifadhi hiyo huondoka nayo. Kabla hujamwambia "futa halafu uweke upya", muulize kwanza kama kuna oda aliyoandika akiwa hana mtandao na haijapanda kwenye seva. Kama ipo, asubiri apate mtandao, aifungue, aione imepanda, ndipo afute.